Mbawakawa wa Marie-Louise

Mke wangu Ketura alimpiga Marie-Louise kofi la kifuani siku ya kwanza walipoonana, na kwa miaka kumi hakujisamehe. Ilikuwa Septemba mwaka 1964. Watu wa Beni na Butembo, huko Kongo, walikuwa wakivuka mto kuja upande wetu wa Bwera, Uganda, kwa sababu ya vita vya kwao, na mimi, Semu, karani wa gombolola, yaani tarafa, nilikuwa nimewekewa meza chini ya turubai karibu na daraja ili niandike majina yao. Ketura alikuwa ameniletea chakula cha mchana.

Mwanamke aliyefika mezani wakati huo alikuwa mrefu, amevaa gauni jeusi lenye kola nyeupe, na kichwani amebeba cherehani isiyo na meza yake. Kifuani, upande wa moyo, alikuwa na mdudu wa kijani mwenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ketura alidhani ni mdudu kweli. Alimwambia yule mama asitikisike, akampiga.

Mdudu hakufa. Aliangukia daftari langu kwa kishindo kidogo cha chuma, mabawa yake yakafunguka, na ndani tukaona saa.

Mwanamke aliweka cherehani chini, akamwokota mdudu, akamtia sikioni. Alisikiliza kwa muda. Kisha akasema kwamba saa hiyo ilikuwa inatembea mpaka hapo darajani. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja umbali. Nikamwuliza jina kwa kuwa ndiyo kazi iliyoniweka pale, naye akasema anaitwa Kahindo Marie-Louise, mshonaji, mjane, Mkatoliki. Mume wake Philippe alikuwa ameuawa wiki tatu kabla.

Kinande chao na Lukonzo chetu ni lugha moja iliyokatwa na mto, kwa hiyo Ketura aliweza kuomba msamaha vizuri, bila kutafuta maneno. Aliomba mpaka watu wa nyuma kwenye foleni wakalalamika. Jioni alimchukua mgeni akaja naye nyumbani, na Marie-Louise alikaa kwetu miezi mitatu kabla ya kupanga chumba chake karibu na soko.

Katika miezi hiyo tulimjua yule mdudu. Alikuwa mbawakawa wa dhahabu. Mabawa yake yalipakwa rangi ya kijani inayong'aa kama kioo, na pembeni yalizungushiwa vijiwe vyeupe vinavyometameta. Alikuwa na miguu sita, yote mizima, na pini mgongoni ya kumshikiza kwenye nguo. Ukibonyeza mkia, mabawa yalifunguka. Uso wa saa haukuwa na namba. Mahali pa namba palikuwa na vijiwe vyekundu kumi na viwili, kila kimoja kama punje ya ulezi. Ukimvaa, kichwa chake kilielekea chini, ili wewe mwenyewe ukiinama uisome saa bila kumvua. Aliyesimama mbele yako aliiona juu chini.

Marie-Louise alipewa na bibi mmoja Mbelgiji, mke wa mwenye shamba la kahawa, ambaye Marie-Louise alimshonea nguo kwa miaka sita. Mwaka 1960 bibi huyo aliondoka kwa haraka na hakuweza kupanda ndege na mbwa wake. Alimwomba Marie-Louise amtunze mbwa, na kwa shukrani akampa mbawakawa, ambaye bibi mwenyewe aliachiwa na nyanya yake. Mbwa alikufa kwa uzee mwaka 1963, ameshiba. Marie-Louise alipenda jambo hilo lijulikane, maana watu wengi walipomwona na dhahabu kifuani walifikiri mengine.

Ketura ana kaka anayeitwa Zedekia, na Zedekia alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa kwenye veranda ya duka la nguo mjini Kasese, ng'ambo ya stesheni ya reli. Alitengeneza saa za wachimba shaba zilizojaa vumbi na za wafanyakazi wa reli, ambao saa zao hazikuruhusiwa kuugua. Alikuwa mlokole. Aliokoka mwaka 1951, na tangu siku hiyo alikuwa hajasema uongo hata mmoja, jambo lililofanya watu wafikiri mara mbili kabla ya kumwalika harusini.

Ketura alimpeleka Marie-Louise kwake wiki ile ile. Zedekia aliweka lenzi jichoni, akamfungua mbawakawa kwa kibano, akamtazama nusu saa. Mwishowe alieleza kwamba mhimili wa gurudumu dogo linaloyumba umekatika. Mhimili huo ulikuwa mwembamba kama unywele, na mingine kama huo haikuwamo Uganda. Pengine haikuwamo duniani, kwa sababu waliotengeneza saa ile walikufa kabla ya reli yetu kujengwa.

"Mama," akamwambia, "kuanzia leo hili ni pambo."

Marie-Louise alimjibu kwamba hata zamani lilikuwa pambo. Yule bibi hakuwahi kutazama saa ndani yake. Alipotaka kujua saa alimwuliza mpishi.

Basi akamvaa hivyo hivyo kwa miaka kumi, Jumapili kanisani na siku za soko. Watu walijua ana saa ila hawakujua kwamba imekufa, kwa hiyo walimwuliza saa. Marie-Louise hakutaka kumwaibisha Ketura kwa kueleza habari ya kofi kila mara. Alibonyeza mkia, mabawa yakafunguka, akainama akatazama, kisha akajibu kwa kukisia jua. Katekista alipiga kengele ya misa kwa maneno yake. Sikusikia mtu aliyepata hasara.

Kila mwezi alikwenda Kasese kununua uzi, na kila alipokwenda alipita kwa Zedekia. Zedekia alimpa kigoda cha wateja, akaomba kumwona mbawakawa, akamtazama kwa lenzi nusu saa kana kwamba mhimili ungeweza kuota. Waliongea juu ya mvua, juu ya bei ya kahawa, juu ya mambo ya Butembo. Zedekia hakuwahi kuoa. Mwanamke wa kwanza aliyemchumbia alimwuliza kama yeye ni mzuri kuliko dada yake, na Zedekia akamjibu. Mji mzima wa Kasese ulielewa ile nusu saa ya kila mwezi ilikuwa ya nini, isipokuwa Zedekia.

Alianza kununua saa mbovu za kike. Alizinunua kwa wauguzi, kwa walimu, na mwaka 1972, Wahindi walipoondoshwa, alipewa sanduku zima na mwenye duka aliyekuwa akifunga mizigo. Alizifungua moja moja akitafuta mhimili. Hakuna uliofaa. Mwanzo wa mwaka 1974 alipata mmoja uliokaribia, mnene kidogo, akaanza kuusugua kwenye jiwe la kunolea lililopakwa mafuta, kila siku kidogo baada ya kazi, kwa miezi minne. Aliniambia baadaye kwamba aliivunja mingine miwili ya kujifunzia kabla ya kuugusa huo.

Mwezi wa Juni Marie-Louise alipokwenda Kasese, Zedekia alichukua mbawakawa, akafanya kazi asubuhi nzima, akamrudishia.

"Inatembea," akasema.

Marie-Louise aliweka sikio. Alicheka, kisha akalia, kisha akauliza malipo. Zedekia alisema hakuna malipo. Alionekana ana neno lingine, lakini alilosema ni kwamba saa ivutwe kamani kila asubuhi, mizunguko kumi na miwili, na asipigwe mtu kofi juu yake.

Kwa siku tatu Marie-Louise alikuwa na saa. Alimfungua mbawakawa mara nyingi kuliko katika miaka yote iliyotangulia. Alikuja kwetu kumwonyesha Ketura, na Ketura aliweka sikio kifuani pake akabaki hivyo muda mrefu, macho yamefungwa, kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko la mpakani. Mchana Marie-Louise alirudi kwa miguu na furushi la vitenge, na penye kizuizi cha barabarani, ambapo alikuwa amepita mara nyingi sana, alimkuta askari aitwaye Omara. Omara alikuwa kijana wa kaskazini, mbali na kwao, na hatukuwa na neno baya juu yake. Alimjua Marie-Louise, alimwita Mama Kidudu. Siku hiyo alikuwa amechoka. Mwenzake wa zamu alipaswa kufika saa nane na nusu, na Omara alikuwa akimwuliza askari mwingine saa ngapi, na yule mwingine hakuwa na saa.

Marie-Louise angeweza kupita. Lakini alikuwa amekisia jua kwa miaka kumi, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa na jibu la kweli. Akambonyeza mbawakawa.

"Iko saa nane na dakika kumi, afande."

Omara akasogea kutazama. Yeye alikuwa amesimama mbele, na kwa aliye mbele saa ile ilikuwa juu chini. Ya kwamba ni saa nane hakubishia: kwake mshale mfupi ulielekea nane, na kwa Marie-Louise ulielekea mbili, ambayo nayo husomwa saa nane. Alibishia mshale mrefu. Marie-Louise aliuona kwenye dakika kumi. Omara aliuona kwenye arobaini. Kama ni kumi, mwenzake hajachelewa. Kama ni arobaini, amechelewa na ataripotiwa. Omara alitaka iwe arobaini.

"Mama, unadanganya mimi," akasema. "Hii ni arobaini."

Marie-Louise alimweleza kwamba mdudu ameangalia chini, kwamba saa ya namna hiyo husomwa na aliyeivaa. Omara akamwambia aivue. Akaiweka kiganjani, akaigeuza huku, ikawa kumi. Akaigeuza huku, ikawa arobaini. Aliigeuza mara kadhaa. Jambo hilo lilimkasirisha kuliko kama mmoja wao angekuwa amekosea. Na akiwa ameishika hivyo, karibu na uso, akasikia inagonga.

"Kumbe hii ni saa kweli."

"Ndiyo, afande. Tangu juzi."

"Karatasi yake iko wapi?"

Hakukuwa na karatasi. Mwaka huo ulitoka waraka wa kupambana na magendo, nao uliorodhesha vitu vya kunyang'anywa vikiingia kutoka Zaire, yaani Kongo, bila karatasi, na saa zilikuwamo. Omara angeweza kuitia mfukoni tu, kama wengine walivyofanya. Nadhani aliogopa kwamba mkubwa wake angemnyang'anya yeye. Alitaka aipate kwa maandishi. Kwa hiyo akamleta Marie-Louise pamoja na mbawakawa ofisini kwetu.

Chifu wetu wa gombolola wakati huo alikuwa Erifazi, mtu wa Fort Portal, mnene, mwangalifu, aliyebakiza miaka miwili astaafu na aliyetaka kuimaliza bila jambo lolote kutokea. Hakupenda kumwudhi askari. Hakupenda pia kumwudhi mwanamke aliyemshonea mke wake gauni la Krismasi. Aliusoma waraka mara mbili. Saa za mkono, za mfukoni, za mezani na za ukutani zichukuliwe. Mapambo ya kawaida ya mwili wa mwanamke yasichukuliwe. Waraka haukutaja saa za kifuani.

Aliniuliza, "Semu, hiki kitu ni saa au ni pambo?"

Nikamjibu kwamba mimi ni karani. Akasema basi aitwe mtaalamu, fundi saa, aje Ijumaa atoe ushahidi kwa kiapo. Nilimweleza kwamba fundi saa pekee wa karibu ni shemeji yangu. Akasema hapa kila mtu ni shemeji ya mtu, niandike barua. Mbawakawa alitiwa katika bahasha, bahasha ikafungwa kwa lakiri, ikawekwa kwenye droo. Siku ya kwanza nilimsikia akigonga ndani ya droo nilipokuwa nikiandika. Siku ya pili alinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemvuta.

Ketura hakusubiri barua. Alipanda lori la mahindi la shamba la Mubuku mpaka Kasese, akamwambia kaka yake aseme neno moja tu: pambo. Hata si uongo, akamwambia. Kwa miaka kumi lilikuwa pambo, na wewe mwenyewe ndiye uliyeliita hivyo. Zedekia alimwambia ataliombea. Ketura alirudi akanieleza kwamba Zedekia akisema ataliombea jambo, maana yake ameshaamua na anatafuta nguvu.

Marie-Louise hakumwomba Zedekia kitu. Alikaa chumbani kwake akishona sare za shule. Ketura alipomwuliza mbona hata salamu hakumtumia, alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Nikimwomba aseme uongo, nitamuharibu. Na akikataa, nitamuchukia. Heri ninyamaze."

Ijumaa tulikuwa sita chumbani: chifu, mimi, Omara, Marie-Louise, Ketura, na Zedekia aliyevaa koti lake la ibada. Kesi iliendeshwa kwa Kiswahili. Chifu alikuwa Mtoro, wa kabila la Toro, Omara alitoka kaskazini, sisi wengine tulikuwa Wakonzo na Mnande. Kiswahili tulikuwa nacho wote na hakikuwa cha mtu yeyote kati yetu, kwa hiyo kila mtu alisema polepole. Nikavunja lakiri, nikamweka mbawakawa mezani, juu ya waraka.

Zedekia aliapa kwa Biblia. Chifu akamwuliza kama kitu kilicho mbele yake kinaonyesha saa. Zedekia akajibu kwamba kwa wakati huo hakionyeshi. Chifu akaniambia niandike hilo. Nafikiri alitumaini tungeishia pale. Hata Ketura alivuta pumzi. Lakini Zedekia hakukaa.

"Bwana chifu, umeniuliza kama inaonyesha. Hujaniuliza kama ni saa."

Chifu alimtazama. Ilionekana wazi kwamba hakutaka kuuliza.

"Ni saa, fundi?"

"Ni saa. Nimeshika saa kwa miaka ishirini na sita, na sijashika nzuri kuliko hii. Ilikuwa imekufa. Mimi niliifufua mwezi huu. Imenyamaza kwa sababu haikuvutwa. Ikivutwa itatembea."

Nikaandika. Ketura alifunika uso kwa leso. Marie-Louise hakutikisika, alikuwa akitazama mikono ya Zedekia, si mbawakawa. Omara akasimama, akanyoosha mkono kuelekea mezani.

Zedekia akaomba kuongeza neno. Alisema kwamba waraka unataka saa, na serikali ina haki ya kupewa inachokitaka. Lakini saa iko ndani. Kilichoko nje ni mdudu wa dhahabu, na mdudu huyo hajui saa wala hajawahi kuijua. Vitu hivyo viwili vimeshikwa pamoja na skrubu tatu. Yeye anaweza kuvitenganisha sasa hivi, mbele ya wote, kila kitu kiende mahali pake.

Chifu alimgeukia Omara, akamwuliza kwa upole kama waraka unataja wadudu. Omara akaniambia niusome tena. Niliusoma wote kuanzia juu, nikitafsiri Kiingereza chake. Haukutaja.

Zedekia alivua koti. Vifaa alikuwa navyo mfukoni, vimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amekuja navyo kutoka Kasese, kwa hiyo nadhani hilo ndilo alilokuwa ameliomba. Aliomba sahani safi, nikampa kisahani cha chai cha chifu. Akaweka lenzi jichoni. Kisha, kabla ya kugusa skrubu, akashika kidude kidogo cha mkiani akavuta mizunguko kumi na miwili.

Saa ikaanza kugonga. Chumba kilikuwa kimya na kila mmoja aliisikia. Aliiacha igonge. Hakutazama mtu. Sijui ilikuwa dakika moja au mbili. Hakuna aliyemharakisha, hata Omara. Halafu akailegeza kamani taratibu mpaka sauti ikakoma, akafungua skrubu ya kwanza, ya pili, na ya tatu, akaitoa saa kwa kibano akaiweka kwenye kisahani. Ilikuwa na ukubwa wa punje ya harage.

Niliandika stakabadhi mbili. Ya kwanza ilisema: saa moja, bila mwili. Omara akatia sahihi. Ya pili ilisema: mdudu mmoja, bila saa. Marie-Louise akatia sahihi.

Omara alikuwa na ile punje kwenye bahasha. Aliifungua akachungulia, akaifunga.

"Sasa hii mimi nitavaa wapi?" akamwuliza Zedekia.

Zedekia alifikiri, kwa maana lilikuwa swali la kweli.

"Hakuna mahali, afande."

Omara akaondoka. Baada ya miezi miwili alihamishiwa kwingine, na hatukupata habari zake tena. Chifu alisema shauri limekwisha, akaagiza chai, akainywa bila kisahani.

Zedekia alikuwa ametoka nje, akaketi kwenye ngazi ya ofisi. Mikono yake alikuwa ameiweka chini ya mapaja. Marie-Louise akatoka akaketi kando yake. Dirisha langu lilikuwa juu yao na lilikuwa wazi. Sikulifunga.

Kisha Zedekia akasema kwamba anaomba radhi, kwamba alijaribu siku nne kuona kama kuna namna nyingine ya kusema na hakuiona. Marie-Louise akasema analijua hilo.

"Papa Zedekia," akaendelea, "nikuulize. Miaka kumi unaniona kila mwezi Kasese. Unafikiri nilikuwa nafuata nini?"

"Uzi."

"Uzi uko Bwera. Iko duka tatu za uzi."

Nilimsikia Zedekia akifikiri. Alikuwa mtu ambaye kufikiri kwake kulisikika. Alikuwa akipumua kwa pua.

"Niliwahi kuwaza hivyo," akasema. "Lakini sikuwa na hakika, na sipendi kusema jambo ambalo sina hakika nalo."

"Sasa uko na hakika?"

"Sasa ninayo." Akapumua tena. "Utakubali nikuoe?"

Marie-Louise alisema yeye anakubali, lakini atahitaji kwenda kumwambia padri, na padri hatafurahi.

Padri hakufurahi. Ilichukua mwaka mzima na nusu. Padri alitaka Zedekia awe Mkatoliki, na Zedekia alimweleza kwa heshima ni mambo gani ya Kikatoliki ambayo haamini, akaanza la kwanza mpaka la mwisho, ikapita alasiri nzima. Upande wa pili ndugu walokole walikuja kutoka Munkunyu na Kasese wakakaa sebuleni kwangu. Tatizo lao kubwa halikuwa rozari. Lilikuwa mbawakawa. Wanawake waliookoka hawavai mapambo. Kama angekuwa saa, walisema, wasingekuwa na neno, kwa kuwa saa ni kitu cha kazi. Lakini gombolola yenyewe ilikuwa imeamua kwamba ni pambo, na walitaka niwaonyeshe faili. Nikawaambia faili limefungwa.

Wakamgeukia Zedekia. Angeweza kuwajibu kwamba mdudu ni mtupu, kwamba ni kumbukumbu, kwamba mama huyo ni mgeni na mjane. Alisema, "Ni pambo. Mimi napenda akilivaa." Walimwondoa katika uongozi wa ibada ya Alhamisi kwa mwaka mmoja. Alikubali. Kila Alhamisi ya mwaka huo alikaa benchi la nyuma kabisa, na wanaomjua wanasema aliimba kwa sauti kubwa kuliko alipokuwa mbele.

Walifunga ndoa mwanzoni mwa mwaka 1976, kwa kibali alichokipata padri baada ya barua nyingi. Ketura alipika kwa siku mbili. Marie-Louise aliihamishia cherehani yake Kasese, kwenye ile veranda ya ng'ambo ya stesheni, wakawa wanafanya kazi bega kwa bega, yeye akiwashonea wake wa wachimba migodi, Zedekia akifungua saa za waume zao. Sindano zilipokuwa adimu alizihifadhi ndani ya mbawakawa, mahali palipokuwa na saa. Zilienea sita.

Mara ya kwanza walipotualika kula, Ketura alivaa nguo yake nzuri na mimi nikafunga tai. Marie-Louise alikuwa amepika samaki wa ziwani na bundu, ugali wetu wa muhogo, laini, unatoa moshi. Tulinawa mikono. Zedekia aliomba. Aliombea chakula, mpishi, wageni, wagonjwa wa hospitali kwa majina, mvua, na viongozi, na kwa kuwa hakuweza kuomba jambo asilolimaanisha, kwenye viongozi alinyamaza muda mrefu akitafuta maneno. Aliposema amina tulifumbua macho. Ndipo Marie-Louise akafanya ishara ya msalaba, akaanza sala ya kwao, na hakuiruka hata sehemu moja.

Samaki alikuwa amepoa, na bundu ilikuwa imeanza kuwa ngumu. Ketura alimega bundu, akaionja, akasema ni nzuri sana. Zedekia alimega yake, akatafuna, akaanza kufungua kinywa.

Marie-Louise akamwekea samaki mwingine sahanini.

"Kula kwanza," akamwambia.

Akala.